Beatrix Potter: Mchoro wa sungura uliozaa mashamba

TAREHE 28 Desemba, 1903, ofisi ya hataza mjini London ilisajili kitu ambacho wengi wangekiona ni mchezo wa kitoto. Haikuwa mashine wala dawa. Alikuwa mwanasesere, sungura wa kitambaa aliyevaa koti la buluu. Aliyemshona ni mwanamke wa miaka 37, hajaolewa, anayeishi kwa wazazi wake, na alimshona kwa kufuata picha alizochora mwenyewe katika kitabu chake cha watoto.

Mwanamke huyo ni Beatrix Potter, na sungura ni Peter Rabbit. Potter alipofariki dunia miaka 40 baadaye, aliacha zaidi ya ekari 4,000 za ardhi, mashamba 14, nyumba kadhaa, ng'ombe na makundi ya kondoo. Si kila senti ilitoka kwenye michoro, kwani alipata pia urithi kutoka kwa ndugu na wazazi. Lakini shamba la kwanza, ambalo ndilo lililofungua njia, alilinunua zaidi kwa fedha za vitabu vya picha.

Wachoraji hodari walikuwa wengi katika Uingereza ya wakati ule. Kilichomtofautisha Potter ni kwamba aliuona mchoro kama mkulima anavyoiona ardhi yake: ni mali, ina mpaka, na mpaka usipowekwa alama jirani ataulima. Somo hilo alilijua kwa faida na kwa hasara.

Binti wa nyumba tajiri asiye na fedha zake

Beatrix Potter alizaliwa London tarehe 28 Julai, 1866. Babu yake mzaa baba, Edmund Potter, alitajirika kwa kiwanda cha kupiga chapa vitambaa vya pamba karibu na mji wa Glossop. Baba yake, Rupert, alisomea sheria lakini hakuwa na haja ya kuitegemea ili kula. Familia ilikuwa na watumishi, nyumba nzuri, na kila mwaka ilikwenda mapumziko marefu Scotland na baadaye Lake District, eneo la maziwa na milima lililoko kaskazini magharibi mwa Uingereza.

Hata hivyo, binti wa nyumba kama hiyo hakupelekwa shule. Alifundishwa nyumbani na walimu wa kike walioajiriwa, kisha akatarajiwa kuolewa na mtu wa tabaka lake au kubaki akiwatunza wazazi. Kufanya kazi ya kujipatia fedha hakukutarajiwa kabisa.

Yeye na mdogo wake, Bertram, walifuga sungura, panya, nungunungu wadogo wa Ulaya, mijusi na popo. Waliwachora kila siku. Mnyama akifa, walichunguza hata mifupa yake. Ndiyo maana sungura wa Potter, hata akivalishwa koti na viatu, hubaki sungura. Mgongo wake unapinda panapotakiwa, na masikio yake yanasema kama ana hofu au ana njaa.

Mwaka 1890 kampuni ya Hildesheimer & Faulkner ilinunua michoro yake ya sungura kwa ajili ya kadi za salamu, ikamlipa pauni 6. Aliyechorwa ni sungura wake wa kufugwa, Benjamin Bouncer. Baadaye alinunua mwingine katika eneo la Shepherd's Bush kwa shilingi nne na nusu za Kiingereza, bei ambayo aliiona ni kubwa mno. Huyo alimwita Peter Piper. Ni vigumu kupata katika historia ya biashara ya vichezeo mtaji mdogo uliolipa kuliko shilingi hizo.

Barua iliyorudishwa

Septemba 4, 1893, akiwa Scotland, Potter alimwandikia barua Noel Moore, mtoto wa miaka mitano aliyekuwa mgonjwa kitandani. Mama wa mtoto huyo alikuwa mwalimu wa zamani wa Potter. Kwa kuwa hakuwa na habari za kumweleza, alimtungia hadithi ya sungura wanne, na pembeni ya maneno akachora picha kwa wino.

Wasomaji waliokulia hadithi za Kiswahili wanamjua sungura mjanja anayemzidi akili fisi na hata simba. Sungura wa Potter ni tofauti. Ni mtoto mtukutu asiyesikia la mkuu. Mama yake anamkataza kuingia katika bustani ya mzee McGregor, ambako baba yake alikamatwa akatiwa kwenye andazi la nyama. Peter anaingia, anakula mboga hadi tumbo linamuuma, anafukuzwa, na anatoroka akiwa ameacha koti na viatu vyake. Mwenye bustani anavitundika kuwatishia ndege. Mkulima yeyote aliyewahi kupoteza mboga kwa wanyama anaielewa hasira ya mzee huyo.

Mtoto Noel aliitunza barua. Kiasi cha miaka saba baadaye Potter alimwomba amwazime, akainakili, akaongeza picha, na kutengeneza kitabu. Aliwapelekea wachapishaji kadhaa. Wote walikikataa.

Sehemu ya ugomvi ilikuwa bei. Wachapishaji walitaka kitabu kikubwa cha kuuzwa ghali. Potter alitaka kitabu kidogo kinachoenea katika kiganja cha mtoto na kinachouzwa kwa shilingi moja, kwa sababu alijua kuwa watoto aliowaandikia hawakuwa na wazazi wa kutoa zaidi ya hapo. Hakukubali kubadili. Desemba 1901 alitoa fedha zake mwenyewe akachapisha nakala 250. Ziliisha haraka, na Februari 1902 akaongeza 200.

Nakala hizo 450 zilikuwa jaribio lake la soko. Kampuni ya Frederick Warne & Co., ambayo mwanzoni haikumkubali, ilirudi mezani na kuomba jambo moja: picha zote ziwe za rangi. Kitabu kilitoka Oktoba 1902. Nakala 8,000 za toleo la kwanza zilikuwa zimekwisha kuagizwa kabla ya siku ya kuuzwa, na kufikia mwisho wa mwaka nakala 28,000 zilikuwa zimechapishwa.

Sindano, mahameli na chembe za risasi

Kitabu kilipopata umaarufu, Potter aliona kitu ambacho wachapishaji wake hawakukipa uzito. Watoto hawakutaka kumsoma Peter tu, walitaka kumshika. Na kama yeye asingemtengeneza, mwingine angefanya hivyo.

Aliketi akashona. Kazi ya kuhamisha mchoro wa karatasi na kuufanya umbo la kushikwa pande zote ni ngumu, kwa sababu picha ina upande mmoja lakini mwanasesere ana mgongo, tumbo na nyayo. Kwa masharubu aling'oa nywele za brashi. Miguuni alitia chembe za risasi ili sungura asimame wima bila kuanguka. Mfano huo ndio uliosajiliwa Desemba 1903, na unahesabiwa miongoni mwa bidhaa za mwanzo kabisa kusajiliwa kutokana na mhusika wa kitabu.

Hakuishia hapo. Mwaka 1904 alibuni mchezo wa bao la karatasi ambamo mzee McGregor anamkimbiza Peter. Akabuni pia karatasi za kupamba kuta za vyumba vya watoto. Miaka iliyofuata kukawa na vyombo vya chai, vitabu vya kupaka rangi na vingine vingi. Kila kimoja kilihitaji ruhusa, na kila ruhusa ilikuwa na malipo yake. Alitaka kuona sampuli, na ikiwa uso wa sungura haukufanana na mchoro wake, alisema hivyo waziwazi.

Lakini mambo mawili yalimshinda. La kwanza ni kiwanda. Potter alitaka mwanasesere wake atengenezwe Uingereza, lakini viwanda vya huko havikuweza kushindana na vya Ujerumani, nchi iliyokuwa ikiongoza kwa kutengeneza vichezeo. Bidhaa za Ujerumani ziliingia Uingereza bila ushuru na kuuzwa kwa bei ya chini. Suala hilo lilimchoma kiasi kwamba wakati wa uchaguzi wa mwaka 1910 alichora mabango kwa mkono kuunga mkono ushuru wa forodha wa kulinda viwanda vya ndani, akitumia mfano wa mafundi wanasesere wa kusini mwa London waliokosa kazi. Mjadala huo wa soko huria na ulinzi wa mzalishaji wa ndani haujazeeka.

La pili lilikuwa hasara ya moja kwa moja. Kampuni ya Warne haikusajili hakimiliki ya Peter Rabbit nchini Marekani. Mwaka 1904 kampuni ya Henry Altemus ya Philadelphia ilitoa toleo lake bila ruhusa, na sheria haikuwa na la kumfanya. Wengine wakafuata. Katika soko kubwa kuliko yote, mwenye sungura hakulipwa chochote kwa nakala hizo. Mtu aliyejifunza kushona ili kulinda mchoro wake alipoteza mavuno kwa fomu moja isiyojazwa na watu aliowaamini.

Shamba la kwanza

Katika kampuni ya Warne, aliyesimamia vitabu vyake alikuwa Norman, mdogo wa ndugu wenye kampuni. Julai 1905 Norman alimposa. Potter alikubali, lakini wazazi wake walipinga kwa sababu kijana alikuwa mfanyabiashara, ingawa mali ya familia yao wenyewe ilitoka kwenye vitambaa. Kabla ya ndoa Norman aliugua na kufariki tarehe 25 Agosti mwaka huo huo, mwezi mmoja tu baada ya posa.

Miezi michache baadaye Potter alikamilisha ununuzi wa Hill Top, shamba la ekari 34 katika kijiji cha Near Sawrey, Lake District. Alitumia mapato ya vitabu na urithi mdogo kutoka kwa shangazi yake. Baadaye aligundua kuwa amelipa takriban mara mbili ya bei ambayo muuzaji alilinunulia muda mfupi kabla. Alikuwa mgeni, mwanamke, na mtu wa mjini, na wenyeji waliliona hilo kabla hajashuka kwenye gari la farasi.

Hakulia, alibadili utaratibu. Kwa ununuzi uliofuata alitumia ofisi ya wanasheria ya W. H. Heelis & Son iliyokuwa mji jirani wa Hawkshead. Mwanasheria William Heelis alijua mipaka, haki za maji na bei halisi za ardhi ya eneo hilo. Kupitia kwake alinunua Castle Farm mwaka 1909, mkabala na Hill Top. Oktoba 1913 walifunga ndoa, bibi harusi akiwa na miaka 47.

Hill Top ilikuwa na msimamizi, John Cannon, aliyelikuta shamba kabla ya Potter. Alimbakiza, akajenga nyongeza ya nyumba ili familia ya Cannon iwe na mahali pake, na akajifunza kutoka kwake kuhusu nguruwe, ng'ombe na kondoo. Papo hapo shamba likaanza kuzalisha vitabu. Jikoni, ngazi, lango na bustani ya Hill Top vinaonekana katika hadithi zilizotoka mwaka 1907 na 1908. Mke wa Cannon na watoto wake wamo katika kitabu cha bata Jemima. Picha zilinunua shamba, na shamba likarudisha picha.

Mwaka ambao kila kitu kilitikisika

Kwa miaka kadhaa Potter alilalamika kuwa hesabu zake kutoka Warne zinachelewa na malipo hayakamiliki. Alimwandikia mara kwa mara Harold Warne, kaka wa marehemu Norman aliyekuwa akiendesha kampuni. Majibu yalikuwa ya kumtuliza.

Aprili 1917 ukweli ulijitokeza. Harold alikamatwa kwa kughushi hati za madeni zenye thamani ya pauni 20,000, akijaribu kuokoa biashara ya uvuvi ya familia huko Jersey. Alihukumiwa kifungo cha miezi 18 na kazi ngumu. Kampuni ilikuwa ukingoni mwa kufilisika, na miongoni mwa waliokuwa wakiidai, Potter ndiye aliyedai kiasi kikubwa zaidi.

Angeweza kushinikiza kampuni iuzwe vipande vipande. Lakini kampuni ikifa, vitabu vyake vingeingia mikononi mwa wadai wengine na bei yake ingeshuka. Akachagua kumlisha ng'ombe mgonjwa. Alitafuta michoro ya zamani kabatini na kutoa haraka kitabu cha mashairi ya watoto mwaka huo huo, akaruhusu pia bidhaa zaidi zenye picha zake. Mwaka 1919 kampuni iliundwa upya chini ya ndugu mwingine, Fruing, na Potter akaanza tena kulipwa.

Kondoo wa milimani

Baada ya hapo macho yalipungua nguvu na hamu ya kuchora ikapungua pia. Moyo wake ulikuwa kwa kondoo aina ya Herdwick, wa asili ya milima hiyo. Mwanakondoo wa Herdwick huzaliwa mweusi, kisha hugeuka kijivu kadiri anavyokua. Sufu yake ni ngumu, inafaa zulia kuliko nguo, na bei yake ilikuwa ndogo. Lakini ni kondoo anayestahimili theluji na mvua pale ambapo wengine hufa.

Ana sifa nyingine muhimu zaidi. Mlimani hakuna uzio. Jike humfundisha mtoto wake sehemu ya malisho ya shamba lao, na mtoto humfundisha wake. Kwa hiyo kundi hukabidhiwa pamoja na shamba anapoingia mkulima mpya. Kundi likiuzwa likaisha, wageni watakaoletwa watatangatanga, na ujuzi wa vizazi unakuwa umepotea. Katika miaka ya 1920, bei ya sufu ikiwa duni na matajiri wakitafuta viwanja vya nyumba za mapumziko, jambo hilo lilikuwa karibu kutokea katika mashamba mengi.

Mwaka 1923 Potter alinunua Troutbeck Park, shamba la takriban ekari 2,000 lililokuwa limechoka na kondoo wake wakisumbuliwa na minyoo ya ini. Alimwajiri mchungaji Tom Storey, akanunua dawa mpya za wakati ule, na kundi likapona. Baadaye Storey alihamia Hill Top, na majike yao yakawa yanatwaa zawadi katika maonyesho ya kilimo. Yule binti wa London sasa alivaa sketi nzito ya sufu ya Herdwick na viatu vya mti, akabishana bei na wanaume mnadani.

Michoro iliendelea kununua ardhi kwa njia nyingine. Mwaka 1927 kipande cha ufukwe wa ziwa Windermere, Cockshott Point, kilikuwa hatarini kujengwa. Potter alichora upya picha 50 za Peter Rabbit, akazitia saini na kuziuza Marekani kupitia jarida la Horn Book la Boston, kila moja pauni 5 na shilingi 5, ili kuchangia ununuzi wa eneo hilo. Nchi ile ile iliyokuwa imemchapisha bila kumlipa sasa ilichangia kulinda ziwa lake.

Mwaka 1930 alinunua Monk Coniston, eneo la takriban ekari 4,000. Nusu yake aliiuzia National Trust, shirika la hiari linalohifadhi ardhi na majengo ya kihistoria, kwa bei ile ile aliyonunulia, kisha akalisimamia kwa niaba yao. Alifuatilia kodi, mabati, mifereji na uzio kwa makini yale yale aliyoyatumia kukagua masharubu ya mwanasesere.

Mwaka 1943 chama cha wafugaji wa Herdwick kilimchagua kuwa rais wake. Angekuwa mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo, lakini alifariki tarehe 22 Desemba mwaka huo kabla ya kuanza kazi. Majivu yake yalitawanywa na mchungaji Storey katika ardhi ya Hill Top, mahali ambapo Storey hakupatangaza.

Kilichobaki

Katika wosia wake Potter aliipa National Trust ardhi na mashamba, lakini si bila masharti. Alielekeza kuwa makundi ya kondoo katika mashamba yake ya milimani yaendelee kuwa Herdwick halisi. Hakutaka shirika lirithi mandhari nzuri isiyo na mkulima ndani yake. Haki za vitabu na michoro zilibaki kwa mumewe, na baada yake zikaenda kwa mpwa wa Norman Warne.

Mwisho wa mwaka 2013, miaka 70 kamili baada ya kifo chake, hakimiliki ya vitabu vyake ilikwisha nchini Uingereza. Tangu hapo mtu yeyote huko anaweza kuchapisha hadithi ya Peter na picha zake bila kuomba ruhusa, ingawa kampuni bado inalinda alama zake za biashara. Ndiyo hali ya mali ya ubunifu: sheria humpa mwenye mchoro msimu wake wa kuvuna, na msimu huo una mwisho.

Potter aliyavuna ya msimu wake na kuyageuza kuwa mali isiyo na tarehe ya kwisha. Mashamba yake bado yanakodishwa kwa wakulima wa Lake District. Kila masika majike ya Herdwick huzaa wanakondoo weusi kwenye miteremko ile, na kuwaonyesha mahali pa kulisha.